Kijiji kilichopewa miaka mitatu kusahau lugha yake

YAPO maneno machache niliyoyasikia mlimani, kusini mwa Uhispania, ambayo hadi leo hayajanitoka masikioni. Nilikuwa nimesimama kando ya mfereji mwembamba ambao hata mtoto angeuruka. Mzee mmoja mwenye kofia pana aliinama, akainua kibao kilichokuwa kimeyazuia maji, nayo yakaanza kuingia shambani polepole. Nikamuuliza kwa Kihispania changu cha kubabaisha maji yale yalikuwa ya nani. Hakuniangalia. Alinijibu kwamba siku hiyo maji yalikuwa ya fulano, hasta saa kumi na mbili jioni, kisha yangegeuzwa yakajaze alberca.

Sikuhitaji mkalimani. Fulano ni fulani. Hasta ni hata, ile hata ya wazee wetu wanaposema "tulikesha hata asubuhi". Alberca nayo ni birika. Si hili la chai, bali birika la maji ya udhu ambalo mpenzi msomaji utalikuta katika misikiti ya zamani ya pwani yetu. Na mfereji wenyewe mzee aliuita acequia, neno jingine la Kiarabu, ingawa hilo halikufika kwetu.

Kijiji hicho kinaitwa Válor. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali moja. Watu waliouchimba mfereji ule walifukuzwa hapo zaidi ya karne nne zilizopita, na lugha yao ikapigwa marufuku kwa amri ya mfalme. Mzee yule, kwa kila hali, ni mjukuu wa watu walioletwa kutoka kwingine kuchukua mahali pao. Basi maneno ya waliofukuzwa yalifikaje kinywani mwake?

Kwanza tukijue kijiji chenyewe. Válor kimekaa katika mteremko wa kusini wa Sierra Nevada, mkoani Granada, kwenye eneo la mabonde na magenge liitwalo Alpujarra. Kiko takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari, na wakazi wake hawafiki 1,000. Kaskazini mwa vijiji hivi umesimama Mulhacén, mlima wenye mita zipatazo 3,480, ambao hakuna unaoupita kwa urefu katika Uhispania bara. Hata jina hilo lina siri yake. Ni Mulay Hasan, mfalme wa Granada aliyefariki mwaka wa 1485, na mapokeo yanadai kwamba alizikwa kileleni. Hiyo "mulay" ni bwana wangu, na ina mzizi mmoja na maulana tunayemjua sisi.

Nyumba za Alpujarra zimeshikana bega kwa bega, kuta zimepakwa chokaa, na mapaa ni bapa kama sakafu. Juu ya mapaa hayo hutandazwa udongo wa kijivu unaozuia mvua. Anayezijua nyumba za Waberberi katika milima ya Atlas nchini Moroko hushangaa kuona zilivyofanana na hizi. Chini ya nyumba kuna matuta ya mashamba yaliyojengewa kwa mawe, ngazi baada ya ngazi, yenye mizeituni, milozi na mitini. Mvua ni chache na kiangazi ni kirefu. Kinachokipa kijiji uhai ni theluji inayoyeyuka kule juu, na mifereji inayoishika kabla haijakimbilia baharini.

Mifereji hiyo ilienezwa na kusimamiwa na Waislamu walioishi hapa kwa karne nyingi, wakati sehemu kubwa ya rasi hiyo ikiitwa Al-Andalus. Baadhi haipeleki maji shambani moja kwa moja. Huyapeleka kwenye mwinuko wenye ardhi ya mchanga na mawe, yakaachwa yazame. Wiki kadhaa baadaye, pengine miezi, maji hayohayo huchipuka chini zaidi kama chemchemi, wakati jua la kiangazi limeshakuwa kali. Mlima umegeuzwa kuwa ghala la maji. Kazi hiyo inamtaka mtu ajue kila jiwe kwa jina lake.

Sasa tuingie katika historia. Januari 2, 1492, mji wa Granada, makao ya ufalme wa mwisho wa Kiislamu katika Uhispania, uliangukia mikononi mwa Malkia Isabel na Mfalme Fernando. Mfalme aliyeshindwa, Abu Abdallah, ambaye ulimi wa Kihispania ulimgeuza Boabdil, alipewa ardhi hukuhuku Alpujarra, lakini mwaka uliofuata akavuka bahari kwenda Fez. Mkataba wa kusalimu amri uliwaahidi Waislamu kwamba dini yao, sheria zao na desturi zao hazingeguswa.

Askofu mkuu wa kwanza wa Granada, Hernando de Talavera, alijaribu kuheshimu ahadi hiyo kwa njia yake. Alitaka kuwavuta watu katika Ukristo, ndiyo, lakini aliwaagiza mapadri wajifunze Kiarabu. Matunda ya juhudi hizo ni vitabu viwili vya mtawa Pedro de Alcalá vilivyochapishwa Granada mwaka wa 1505: kimoja cha sarufi ya Kiarabu na kingine kamusi. Ndugu zangu wapenda lugha, hivi ni miongoni mwa vitabu vya kale kabisa vya aina hiyo kupigwa chapa Ulaya, na Kiarabu kilichomo ni kile cha wenyeji, cha sokoni na cha jikoni.

Ila subira ya Talavera iliwaudhi wakubwa. Mwaka wa 1499 alifika Kadinali Cisneros, akaanza kuwabatiza watu kwa shinikizo na kuvichoma vitabu vya Kiarabu hadharani. Watu waliasi, uasi ukaenea Alpujarra, na ukazimwa kwa silaha. Walioshindwa waliambiwa mambo mawili: ubatizo au uhamisho. Wengi walibatizwa. Tangu hapo wakaitwa Wamorisko: Wakristo katika daftari la kanisa, na wengi wao Waislamu nyumbani. Mwaka wa 1526 yalitolewa makatazo juu ya lugha na mavazi yao, lakini walilipa fedha nyingi makatazo hayo yakaahirishwa kwa miaka arobaini. Walinunua muda, kama mkulima anavyokopa akitumai mvua itanyesha.

Mvua haikunyesha. Siku ya kwanza ya Januari 1567, amri ya Mfalme Felipe wa Pili ilitangazwa Granada. Wamorisko walipewa miaka mitatu wajifunze Kikastilia, yaani Kihispania. Baada ya hapo ingekuwa kosa kuzungumza, kusoma au kuandika Kiarabu, iwe hadharani au faraghani. Vitabu vya Kiarabu vilitakiwa vikabidhiwe katika siku thelathini. Mikataba iliyoandikwa kwa lugha hiyo haingekuwa na nguvu ya kisheria. Zaidi ya hayo, waliamriwa waache mavazi yao, ngoma zao, mabafu yao na majina yao ya ukoo, na milango ya nyumba iwe wazi siku za Ijumaa na sikukuu ili wachunguzwe.

Nilipoisoma amri hiyo kwa mara ya kwanza nilikikumbuka kibao. Katika shule ya msingi niliyosomea, aliyenaswa akizungumza lugha ya mama alivishwa kibao shingoni, akazunguka nacho hadi amnase mwenzake. Jioni, aliyekutwa nacho alichapwa. Wasomaji wengi wa rika langu wanakijua. Sidai kwamba kibao ni sawa na vita. Ninachosema ni kwamba fikra ni ileile: eti lugha ni uchafu unaoweza kuoshwa ukipewa muda na kiboko.

Mtu mmoja alijitokeza kuijibu amri ile kwa hoja. Alikuwa Francisco Núñez Muley, mzee wa Kimorisko wa jamii ya watukufu, ambaye ujanani alikuwa mtumishi wa Askofu Talavera na alifuatana naye katika ziara zake za Alpujarra. Alimwandikia Pedro de Deza, mkuu wa mahakama ya Granada, waraka ambao hadi leo husomwa na wanaohangaikia haki za lugha. Aliuliza dini inahusiana vipi na lugha, ilhali Wakristo wa Misri, Siria na Malta husali kwa Kiarabu na hakuna anayewaita makafiri. Aliuliza wazee wa milimani, ambao hata padri humwona kwa nadra, wangejifunza wapi lugha mpya katika miaka mitatu. Aliuliza watu watajuanaje wakivuliwa majina ya koo zao.

Alitoa pia ushahidi wa macho yake. Alikumbusha kwamba zamani katika mji wa Ugíjar, ambao ni jirani wa Válor, Talavera alipoongoza misa ngoma za wenyeji zilichukua nafasi ya kinanda, na askofu aliingiza Kiarabu kidogo katika ibada. Alipowatakia waumini kuwa Bwana awe nao, walimjibu kwa maneno ya Kiarabu yenye mzizi wa neno letu baraka. Wala kanisa halikuporomoka. Hoja za mzee huyu zilikuwa nzito, tena za mtu mtiifu kwa mfalme. Hazikusikilizwa.

Mkesha wa Krismasi wa 1568 Alpujarra iliwaka moto, na hapa ndipo jina la Válor linapoingia katika vitabu vya historia. Waasi walimchagua awe mfalme wao kijana wa ukoo uliotoka kijijini humo, Fernando de Córdoba y Válor, aliyekuwa diwani katika baraza la mji wa Granada. Ukoo wake ulijinasibisha na watawala wa Bani Umayya wa Córdoba. Akalivua jina la ubatizo na kujiita Muhammad bin Umayya. Wahispania wakamwita Aben Humeya.

Tusipake historia rangi moja. Waasi waliwaua mapadri na Wakristo wengi katika vijiji vya Alpujarra, baadhi yao kwa ukatili mkubwa. Majeshi ya mfalme nayo yalipora na kuua, na yakawauza wanawake na watoto utumwani. Mapema mwaka wa 1569 kikosi cha askari kilitumwa Válor kumsaka Aben Humeya. Badala ya kumsaka kikaanza kupora, ingawa wenyeji walikuwa wameshasalimu amri. Wakati askari wanarudi wakiwa wamelemewa na mali na mateka, walishambuliwa njiani na wengi mno wakauawa. Waliokuwa wamechoka na vita wakarudishwa vitani.

Mwenyewe Aben Humeya hakumaliza mwaka. Oktoba 1569 aliuawa na watu wa upande wake kule Laujar. Binamu yake Aben Aboo alishika usukani hadi alipouawa naye mwaka wa 1571. Kabla ya hapo, Novemba 1570, mfalme alikuwa ameamuru Wamorisko wa ufalme wa Granada wahamishwe. Wanahistoria hukadiria kwamba watu wapatao 80,000 waliondolewa na kutawanywa katika miji ya Kastilia. Walitembea wakati baridi ikianza, na wengi walifia njiani. Kuanzia mwaka wa 1609, hata hao waliotawanywa walifukuzwa Uhispania kabisa, na wengi wao wakavuka kwenda Afrika Kaskazini.

Válor, kama vijiji vingine vya Alpujarra, kikabaki na nyumba tupu, mizeituni isiyo na mwenyewe, na mifereji inayoziba. Serikali ikatangaza kwamba anayetaka ardhi aje. Walikuja watu kutoka Galicia, León, Kastilia na kwingineko, wakagawiwa nyumba na mashamba kwa kura. Kila fungu liliitwa suerte, yaani bahati. Na kweli walihitaji bahati. Watu waliozoea mvua za kaskazini walijikuta kwenye mteremko mkavu ambao hauwezi kulisha hata mbuzi bila mfereji.

Na hapa ndipo nilipopata jibu la swali langu. Ili mashamba yagawanywe, maofisa walihitaji kujua mipaka iko wapi, maji hutoka wapi, na zamu ya nani hufuata ya nani. Ujuzi huo haukuwa katika makao ya mfalme. Ulikuwa katika vichwa vya watu walewale waliokuwa wakifukuzwa. Basi baadhi ya Wamorisko waliruhusiwa kubaki kwa muda, wakatembezwa mashambani waonyeshe na kutaja. Makarani waliandika. Miongoni mwa maneno waliyotaja ni acequia na alberca, ambayo Wahispania walikuwa wakiyatumia tangu zamani katika maeneo mengine waliyoyateka, na hapa yakapata sababu ya kudumu. Amri ilikataza lugha, lakini watoaji amri hawakuwa na neno jingine la kumwagilia shamba.

Naam, hivyo ndivyo lugha inavyodumu. Sheria inaweza kuiondoa barazani, kanisani na mahakamani. Ni vigumu zaidi kuiondoa kwenye kazi, kwa sababu kazi haingoji mtu atafute msamiati mpya huku maji yakimwagika.

Kihispania cha leo kina maneno takriban 4,000 yenye asili ya Kiarabu, ukihesabu pamoja na vinyambuliko. Mengi ni ndugu wa maneno yetu, ingawa yalisafiri njia tofauti kabisa: yale kupitia Al-Andalus, yetu kupitia Bahari ya Hindi. Sukari kwao ni azúcar, zafarani ni azafrán, zeituni ni aceituna. Utaona kwamba wao waliyabeba mengi pamoja na kile kitangulizi cha Kiarabu "al", sisi tukakiacha isipokuwa katika maneno machache kama alfajiri na Alhamisi.

Mengine yamebadilisha hadhi, na humo mna historia nzima. Kadhi wao ni alcalde, ambaye leo ni meya. Waziri wao ameshuka cheo hadi kuwa alguacil, askari wa mahakama. Maskini wetu anaonewa huruma. Wao mezquino ni bahili au mtu mwenye roho ndogo. Kwetu rehani ni mali unayomwachia mkopeshaji. Kwao rehén ni mtu aliyeshikwa mateka. Haja yetu ni shida au hitaji, na alhaja yao ni kito cha thamani. Anayedhani kwamba neno la mkopo hubaki mali ya aliyekopesha na ayatazame haya. Kihispania kimebaki kuwa mtoto wa Kilatini, kama Kiswahili kilivyobaki kuwa Kibantu, na hakuna kilichopungukiwa.

Kila Septemba wanakijiji wa Válor huigiza vita vya Wamoro na Wakristo katika sikukuu ya Kristo wanayemheshimu kama msimamizi wao. Katika mchezo huo Wamoro huiteka ngome kwanza, kisha Wakristo huitwaa tena, na kesho yake maisha yanaendelea. Wajukuu wa walowezi huvaa vilemba na kuuchukua upande wa watu ambao nyumba zao walizirithi. Wageni huona ni burudani tu. Mimi naona ni kijiji ambacho hakijamaliza kuzungumza na waliotangulia.

Lakini vita vya leo ni vingine. Katika karne iliyopita vijana wengi wa Alpujarra walihamia Barcelona na nchi nyingine za Ulaya kutafuta kazi. Mfereji usiosafishwa kila mwaka huziba, na mfereji ukiziba chemchemi ya chini hukauka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Granada wamekuwa wakishirikiana na wanakijiji na watu wa kujitolea kuizibua mifereji iliyoachwa katika Sierra Nevada. Wanapofanya hivyo huwatafuta wazee waliobaki, wawaonyeshe maji yalipita wapi. Ni kama makarani wa mfalme walivyofanya, ila safari hii wazee hawafukuzwi.

Wacha nimalizie na neno moja ambalo sisi tunalitumia kila siku bila kulifikiria: dola. Kwa Kiarabu, dawla ilibeba kwanza maana ya kupokezana zamu, kabla ya kuwa na maana ya utawala. Sisi tulichukua utawala. Wahispania wa maeneo ya umwagiliaji walichukua zamu, nao dula ni awamu ya shamba kupata maji. Wafalme wa Granada walipata zamu yao, Felipe wa Pili akapata yake. Mzee yule wa Válor nilimwacha akitazama jua. Saa kumi na mbili ilipokaribia aliurudisha ubao, akausukuma kwa mguu ukae sawa, maji yakageuka kwenda kwenye alberca. Kesho yake ilikuwa zamu ya fulani mwingine.